Anza na Jina la Marehemu

Profesa Anaclet alikuwa bingwa wa kusalimia. Si salamu hizi za "jambo, habari gani" za watu wasio na diploma. Yeye alisalimia wakubwa mikutanoni, kila mmoja kwa cheo chake na mahali pake, na kila cheo akakimiminia sifa kama mama anavyomimina mawese kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kuna harusi moja kule Kadutu aliyoombwa aseme maneno mawili tu. Alipomaliza kusalimia, keki ilikuwa imechacha, na wageni walikuwa wanamuuliza bibi harusi kama yeye ndiye mama mkwe. Anayebisha aende akaulize Kadutu.

Kwa hiyo siku Godelive alipoambiwa kwamba yeye ndiye atakayesema mbele ya wanasayansi wa kigeni, Profesa, ambaye alikuwa mkuu wake katika kituo cha utafiti wa chakula, alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Maman Godelive, wametupa dakika ishirini. Nane za kwanza ni za protokoli. Hizo uniachie mimi."

"Sasa Prof, mie nitabaki na nini?"

"Utabaki na sayansi. Sayansi haina haraka."

Sayansi labda haikuwa na haraka, lakini Komanda Josué alikuwa nayo.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya pili. Waasi walikuwa wameushika mji wa Bukavu, na mmoja wao, Komanda Josué, ndiye aliyeshika barabara ya kwenda milima ya Luhwindja. Huko milimani kuna kijiji kinaitwa Cibungu, alikozaliwa baba yake Godelive. Tangu kiangazi, wanawake na watoto wa Cibungu walikuwa wanalala wazima na kuamka miguu imekakamaa. Hawakuwa na homa wala kidonda. Magoti yanagongana, visigino havigusi chini, mtu anatembea kwa ncha za vidole kama anayepita juu ya makaa. Valérie, binti wa Monique, shangazi yake Godelive, jioni alicheza ngoma kwenye ubatizo wa jirani, na asubuhi miguu ilipishana kama mkasi. Mpaka leo haijarudi.

Komanda alikuwa na maelezo yake. Maadui zake wa msituni, alisema, wametia sumu kwenye maji ya Cibungu ili kuwaua askari wake wanaopita huko, na wanakijiji wamewasaidia, ndiyo maana Mungu amewapiga wao kwanza. Kijiji kinachofuga sumu dawa yake ni kiberiti. Kimoja alikwisha kukiteketeza kwa kosa dogo kuliko hilo. Kitu kimoja tu kilichomzuia ni wale wageni: wataalamu wa magonjwa watakaoshuka na ndege ndogo pale Kavumu, wasikilize, watoe kauli yao papo hapo, kisha warudi kabla ya giza.

"Wakisema ni sumu ya watu," Komanda alitangaza akiwa amesimama kwenye ngazi za ofisi, kila mpita njia akisikia, "Cibungu inabaki majivu. Wakisema hapana, basi."

Godelive alijua ni nini. Alikuwa amesoma kemia ya chakula, na alikuwa amekula bugali, ugali wa muhogo wa Cibungu, tangu hana meno. Muhogo mchungu unazaliwa na sumu yake ndani. Mabibi waliitoa kwa kuuloweka vidimbwini mpaka ulainike, mpaka unuke, harufu ambayo watu wa Cibungu husema iliwahi kumgeuza padri mgeni njiani akarudi misheni kuungama dhambi ambazo bado hajazitenda. Lakini mwaka huo nani angeacha muhogo kidimbwini? Askari walikuwa wanapita na kuubeba. Akina mama wakaanza kuuloweka usiku mmoja tu, alfajiri wanaopoa, wanaanika ndani ya nyumba, wanatwanga. Sumu ikabaki kwenye unga. Na kwa kuwa mbuzi walikuwa wameliwa na askari haohao, na maharage pia, mwili haukuwa na kitu cha kuivunja ile sumu. Miguu ikalipa.

Basi fikiria shida yake. Ilimpasa aseme neno "sumu" mbele ya mtu aliyekuwa anangojea neno hilo tu. Na wanasayansi, kwa kuwa ndiyo kazi yao, wangemuuliza: hawa watu wamekula muhogo huu tangu enzi za mababu, juu ya nini ugonjwa uje leo? Jibu la swali hilo lingekuwa limekaa mstari wa mbele, limevaa bastola.

Aliandaa picha thelathini na moja, zile karatasi za plastiki zinazowekwa juu ya projekta. Historia ya muhogo. Ramani. Mbinu za maabara. Majedwali yenye tarakimu ndogo kama chawa. Alifanya mazoezi nyumbani kwake Nguba, saa ya chakula cha mchana, mbele ya mume wake Emile aliyekuwa anakula bugali na sambaza, dagaa wa ziwani.

Emile alikuwa msomaji wa redio. Si habari, si michezo: alisoma matangazo ya vifo. Sauti yake ilikuwa nzito kiasi kwamba watu wazima wa afya njema, wakimsikia akisema "jambo" barabarani, walirudi nyumbani kuangalia kama bado wapo.

Alitafuna. Alisikiliza. Alinawa mikono.

"Godelive," akasema, "bugali imeisha, sambaza zimeisha, na bado hakuna mutu amegonjwa."

"Niko kwenye mbinu bado! Matokeo yanakuja nyuma."

"Valérie iko wapi?"

"Picha ya kumi na tisa."

"Na Komanda, kwenye picha ya kumi na tisa, atakuwa bado anakusikiliza?"

Wote wawili walimjua Komanda. Alisikia jambo la kwanza unalomwambia, halafu macho yake yakaenda dirishani. Uliyoyasema baada ya hapo uliyasema kwa pazia.

"Sikia," Emile akasema. "Kule redioni, tungekuwa tunaanza tangazo kwa kusalimia, familia hii inawajulisha familia ile, Kadutu, Ibanda, Bagira na ng'ambo ya ziwa, batu bangezima redio bila kujua nani amekufa. Tunaanza na jina la marehemu. Halafu kimemuua nini. Halafu maziko ni wapi. Mengine, mwenye kupenda atabaki kusikiliza."

"Hawa si wasikilizaji wako wa vifo, Emile. Ni wanasayansi. Watataka mbinu, watataka tarakimu."

"Wanasayansi hawana masikio?"

"Wanayo, lakini wamezoea..."

"Hata maiti imezoea jeneza. Iulize kama inalipenda."

Godelive alimrushia kitambaa cha meza. Kisha akakaa chini, akakusanya zile karatasi, akaanza kuzitoa moja moja. Historia ya muhogo, kando. Ramani, kando, kila aliyemo chumbani atajua Luhwindja ni wapi, na Komanda anaijua kuliko wote. Alipofika kwenye majedwali moyo ulimuuma, maana kila tarakimu aliitafuta kwa jasho, umeme ukikatika na yeye akishikilia mrija gizani. Akayaweka kwenye bahasha: watakaoyauliza watapewa mkononi. Mwishowe mezani hapakubaki karatasi hata moja, na Emile akaanza kuogopa.

"Sasa utaonyesha nini?"

"Chupa," Godelive akasema.

Chupa zenyewe zilikuwa tatu, za vioo, zenye vizibo. Ya kwanza alitia maji ya kidimbwi cha Cibungu. Maji hayo shangazi Monique mwenyewe ndiye aliyeyaleta kwenye bidoni, dumu la plastiki, akiteremka kwa miguu. Njiani, kwenye kizuizi, askari alishuku kwamba ni kanyanga, pombe kali ya kienyeji, akanywa kikombe kizima kuhakikisha, akatema mate kwa uchungu wa kuona ni maji tu. Yule askari yuko hai, ananona. Chupa ya pili alitia unga wa vita, ule wa usiku mmoja. Ya tatu, unga wa muhogo ambao shangazi aliuloweka ndani ya chungu, uvunguni mwa kitanda, kwa desturi ya zamani, mpaka majirani wakamwombea. Katika kila chupa Godelive akaning'iniza kikaratasi cha manjano kilichotiwa dawa ya maabara, akaziba. Kazi ya kikaratasi ni moja: mvuke wa sumu ya muhogo ukikigusa, kinageuka kahawia. Bila sumu, kinabaki manjano. Akaziacha hivyo mpaka kesho yake.

Kesho yake wageni walichelewa.

Ukumbi wa kituo ulikuwa umejaa tangu saa sita: mapadri, walimu wa chuo, watu wa mashirika. Dirishani ziwa lilikuwa limetulia kama halihusiki. Komanda Josué alikuwa mstari wa mbele, kiti cha katikati, miguu mirefu imenyooshwa, na nyuma yake vijana wawili wenye bunduki wakiangalia watu kana kwamba wanawahesabia nguo. Wageni walipoingia hatimaye, vumbi la barabara ya Miti lilikuwa limewafanya wote rangi moja. Mkuu wao alikuwa mama wa Kikameruni, Dokta Eulalie, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Mtusamehe," alisema kwa Kifaransa, bila kukaa. "Pale Miti wametuzuia. Na rubani amesikia risasi upande wa Kavumu. Anasema tusipoondoka mapema ataondoka na viti vitupu. Tuna robo saa. Nani anasema?"

Profesa Anaclet alisimama.

"Excellence Bwana Komanda," alianza, na sauti yake ikapaa kama kinanda cha kanisa, "mlinzi wa amani yetu, Monsinyori muwakilishi, waheshimiwa mapadri kwa vyeo vyenu mbalimbali, Dokta mkuu wa ujumbe, wataalamu mlioruka mawingu na milima kutufikia sisi wana wa Kivu, Kivu ambayo..."

Alikuwa anaingia Kivu kwa kuanzia kuumbwa kwake. Godelive aliiona saa ya ukutani. Aliona rubani mlangoni, kofia mkononi. Aliona macho ya Komanda yameanza safari ya kwenda dirishani. Kumkatiza mkuu wako mbele ya wageni, Bukavu, ni afadhali umvue suruali. Jasho lilimtoka mpaka ndani ya viatu. Profesa alifika kwenye Baba Mungu aliyetujalia siku ya leo, akavuta pumzi ili aendelee, na katika ile pumzi Godelive akasimama na kusema, kwa sauti kubwa ya misa ya kwanza:

"Amina!"

"Amina," ukumbi mzima ukaitikia. Mapadri wakafanya ishara ya msalaba. Hata kijana mmoja mwenye bunduki aliifanya, kwa mkono usio na bunduki. Na Profesa, Mkatoliki tangu tumboni, aliposikia Amina magoti yake yalikunjika yenyewe. Aliketi. Alipotambua kilichompata, ilikuwa imekwisha.

Godelive alikuwa tayari mbele. Mtu wa ufundi akawasha projekta kwa heshima; jenereta ikakohoa mara moja na kufa. Watu wakaguna. Yeye hakugeuka hata kuitazama.

"Valérie, wa Cibungu, ana miaka kumi na minne na hatatembea tena kama zamani," alisema. "Hakuna mtu aliyemtilia sumu. Sumu imo ndani ya muhogo wenyewe, na imebaki kwenye chakula chake kwa sababu muhogo ulilowekwa usiku mmoja tu."

Akayasema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, akimtazama Komanda usoni. Yale macho yaliyokuwa dirishani yakarudi.

Godelive akapanga chupa tatu mezani, hatua moja tu kutoka kwenye viatu vya Komanda, akasema kila moja ina nini na karatasi inafanya kazi gani. Akafungua ya maji. Akainua kikaratasi: manjano, kama alivyokitia.

"Haya ni maji ya Cibungu. Hayana kitu."

Akafungua ya unga wa vita. Kikaratasi kilitoka kahawia, kahawia ya chai iliyosahauliwa motoni. Mtu mmoja nyuma akasema "Yesu." Akafungua ya shangazi Monique. Manjano, iliyofifia kidogo tu. Na harufu ikatoka pia, hiyo haikuombwa. Mstari wa mbele wote ukarudi nyuma kwa viti vyao, isipokuwa Komanda. Yeye pua yake ilitanuka, na kwa kitambo kidogo sana akafanana na mtoto wa mtu.

Dokta Eulalie alikuwa amevaa miwani. Aliomba bahasha ya majedwali, akaipitia haraka, akampa mwenzake. Kisha akauliza lile swali.

"Madame, hii naielewa, na tarakimu zako ni safi. Lakini hawa watu wanaujua muhogo wao tangu enzi na enzi. Wanajua kuuloweka. Kwa nini sasa waache? Nisipolijua hilo siwezi kusaini kwamba hakuna mkono wa mtu."

Profesa Anaclet alikohoa. Kikohozi hicho kila mtu wa Bukavu alikijua: kilimaanisha sema "hali ya usalama", sema "mazingira", sema lolote lisilo na miguu. Komanda hakukohoa. Mkono wake wa kulia uliteremka taratibu kutoka pajani mpaka kwenye mkanda, ukatulia hapo.

Godelive alijua kwamba akisema "mazingira", yule mama hatasaini, na Cibungu itaungua. Akisema "askari", Cibungu labda itapona, na yeye je? Alikiangalia kikaratasi cha kahawia mkononi mwake. Akakiweka mezani.

"Komanda," akasema kwa Kiswahili, "samahani. Wewe ni mtoto wa kule Kalehe. Mama yako alikuwa analoweka muhogo?"

Komanda alishtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.

"Mama yangu?" Akacheka puani. "Mama yangu alikuwa fundi. Bugali ya mama, batu walitoka Bunyakiri kuila. Siku tatu, siku ine, muhogo iko kwa maji. Mpaka inavunjika mukononi. Mpaka inanuka ile harufu." Akaonyesha chupa ya tatu kwa kidevu. "Ile."

"Usiku mmoja tu, hapana?"

"Usiku mmoja! Unataka kutukana mama yangu? Juu ya nini aitoe na usiku mmoja?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza wewe, Komanda. Hakuogopa kuiacha huko peke yake, siku zote hizo?"

"Aogope nini? Nani angeiba..."

Akakoma.

Wale vijana wawili wenye bunduki wakaanza kutazama sakafu kwa bidii kubwa. Dokta Eulalie, ambaye hakujua Kiswahili, aligeuza miwani yake huku na huku.

"Anasema nini?"

Godelive alimtazama Komanda. Komanda alimtazama Godelive. Mkono ulikuwa bado kwenye mkanda. Na Godelive, kwa Kifaransa cha darasani, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi, akatafsiri: mama yake Komanda aliloweka muhogo siku tatu hadi nne, kwa kuwa zamani zile hapakuwa na wa kuuiba.

Mama wa Kikameruni hakuuliza tena. Alimtazama Komanda, akawatazama wale vijana na bunduki zao, akaivua miwani, akaandika. Alipomaliza alisimama akasoma: ugonjwa unatoka kwenye muhogo usiolowekwa vya kutosha, hakuna sumu iliyotiwa na mtu, vidimbwi vya Cibungu viachwe salama. Akatia sahihi na kuinua uso.

"Viachwe salama," akarudia. "Nani atahakikisha?"

Hapo ndipo jambo lingeweza kuharibika. Komanda alikuwa amesimama, mwekundu wa macho, mtu aliyevuliwa nguo na mdomo wake mwenyewe. Lakini alipofungua mdomo, mwingine alimtangulia.

"Excellence!" Ilikuwa sauti ya kinanda. Profesa Anaclet, ambaye hotuba yake ilikuwa imemkwama kooni tangu ile Amina, alikuwa amepata mlango. "Excellence Komanda Josué, mwana wa Kalehe, mwana wa mama fundi, Mlezi Mkuu wa Vidimbwi vya Luhwindja yote, wewe ambaye chini ya macho yako hakuna kipande cha muhogo kitakachoguswa, wewe ambaye wageni hawa watakwenda kulitaja jina lako mbele ya mataifa..."

Aliendelea. Oh, aliendelea! Rubani alisahau risasi. Cheo kilizaa cheo, na kila kimoja kilikuwa ni kamba, na kila kamba ilifungwa mbele ya mashahidi. Ukumbi ulielewa ukaanza kupiga makofi kila baada ya cheo. Komanda alibaki amesimama, mkono ukatoka kwenye mkanda, ukapanda kurekebisha kola. Macho yake hayakwenda dirishani hata mara moja.

Alipotoka alipita mezani kwa Godelive. Aliiokota chupa ya tatu, akainusa, akaiweka mfukoni mwa koti.

"Wewe mwanamuke," akasema polepole, "siku nyingine usiniulize juu ya mama yangu."

"Ndiyo, Komanda."

"Wakiiba tena, nitajua ni askari wangu."

Usiku huo na siku zilizofuata Godelive hakulala vizuri. Kila gari lililopunguza mwendo pale Nguba alilihesabu kuwa limemfuata yeye. Emile alisoma vifo redioni, na kila alipofungua mdomo mke wake alisimama na sufuria mkononi, akingojea jina la kwanza liwe la Cibungu. Halikuja.

Ilikuwa Jumapili, wametoka misa, waliposikia hodi. Kabla hawajafungua harufu ilikuwa imeingia, imevua viatu, imekaa kwenye kiti. Mbwa wa jirani alilia. Emile alifunika pua kwa kitabu cha nyimbo.

"Maria mtakatifu! Nani amekufa?"

Mlangoni alisimama shangazi Monique na kikapu cha unga kichwani, ananuka muhogo uliokaa kidimbwini siku nne bila kuguswa, kuanzia kitambaa mpaka kisigino. Nyuma yake, akishikilia ukuta kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, juu ya ncha za vidole, alikuja Valérie.

Godelive alimkumbatia shangazi, akaingiza pua kwenye kitenge chake, na hakutaka kuitoa.